Hukumu ya Mtaa wa Stahamala

Katika nchi ya Majivuno, ambako watu waliulizana mtaa kabla ya kujuliana hali, palikuwa na desturi tukufu: mtaa ulioitwa "duni" mara tatu na mpiga mbiu wa serikali ulikuwa duni kisheria, na wakazi wake walikatiwa maji, kwa hoja kwamba watu duni hawana haja ya kuoga.

Bi Hadhari, mtia nguo rangi wa mtaa wa Stahamala, alikwisha kusikia mbiu mbili. Ya tatu ilingoja hukumu ya kadhi tu. Ikipigwa, mapipa yake yangekauka na wanawe wangelala njaa. Basi akashuku kila kitu: wapima ardhi waliomwamkia kwa adabu iliyozidi, mikokoteni iliyopita alfajiri imefunikwa turubai, na hasa jaa la taka lililoota mlangoni pake tangu mbiu ya kwanza. Alilichokoa kwa mti, akakuta maganda ya komamanga, mifupa ya karamu, vyetezo vilivyovunjika na mashada ya harusi. Stahamala nzima hapakuwa na aliyewahi kuonja komamanga.

Siku ya hukumu Kadhi Ghururi, mkazi wa kilima cha Anasa, alikuja mwenyewe mtaani, akalinyooshea jaa bakora yake na kusema kwamba ushahidi ule unanuka wenyewe.

"Unanuka, mheshimiwa kadhi," alijibu Bi Hadhari, akiinua shada lililonyauka. "Lakini mwezi huu mjini imekuwapo harusi moja tu, ya binti yako, na sisi hatukualikwa."

Jirani mmoja akadakia kwamba pilau ndiyo iliyopotea njia, mifupa imefika salama.

Kicheko kilipotulia, kadhi, uso umemsawijika, alitoa hukumu iliyopokewa kwa vigelegele: neno "duni" lifutwe katika ndimi zote za Majivuno, na Stahamala iitwe Bustani ya Matumaini. Watu wakacheza ngoma hadi vumbi likapanda mapaani.

Bi Hadhari hakucheza. Alimtazama mpiga mbiu akilitangaza jina jipya mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa sauti ileile. Akaingia uani, akatega ndoo, akafungua bomba. Likakohoa, likanyamaza.

Alfajiri mikokoteni ilirudi, turubai zake zikiwa mpya, zimechorwa maua.