Picha Yangu Mezani

Zamani wateja walikuwa wakituachia bakshishi chini ya sahani, nasi tuliishi kwa hiyo, maana mshahara wa pale ulikuwa jina tu. Ukishalipa kodi ya chumba umekwisha, tumbo linabaki likikuuliza. Kisha mwenye mgahawa, aliyetaka tumwite Mjomba kwa sababu "hapa sisi ni familia," akaweka kadi kwenye kila meza. Kadi ilikuwa na picha ya mhudumu wa meza hiyo, maneno "Nishukuru kwa simu," na namba. Kwenye meza zangu picha ilikuwa yangu, namba ilikuwa ya Mjomba.

"Nitawagawia mwisho wa mwezi," alisema. Mwezi ulipoisha alitusomea habari ya glasi zilizovunjika, akampa kila mmoja wetu kipande cha sabuni.

Hata sabuni ningeivumilia. Nililoshindwa kulimeza ni amri iliyofuata: mteja akishatuma hela, lazima umwambie, "Imefika, asante sana," huku ukitabasamu kama kwenye picha. Mjomba alikuwa akisimama kaunta kusikiliza. Mimi ni mtu wa aibu; chuoni hata nikijua jibu nilikuwa nainamisha kichwa. Basi nikawa nasema imefika, asante, na kila niliposema nilijiona nimeibiwa na bado namshukuru mwizi.

Nilimlalamikia dada aliyehudumu upande wa dirishani, mkongwe kuliko sisi sote.

"Funika kombe mwanaharamu apite, mdogo wangu."

"Huyu hapiti, dada. Anasimama kaunta."

Alicheka mpaka akashika trei kwa mikono miwili.

Jumamosi moja mchana akaja mama mmoja, fundi cherehani, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni, pamoja na watoto wake. Yule mdogo alimwaga juisi yote, ikamlowesha hadi viatu. Nilipiga magoti nikamfuta miguu, nikamchekesha mpaka akasahau kulia. Mama yake alinitazama, kisha akachukua kadi na kuisoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja.

"Haya mwanangu, nimekutumia. Imefika?"

Mjomba aliinua kichwa. Nilifungua mdomo kusema lile neno, likagoma. Mtoto alikuwa ameniegemea begani.

"Haijanifikia, mama," nikasema. "Na haitanifikia. Hiyo si namba yangu."

"Si namba yako? Na hii sura ni ya nani?"

"Ni yangu."

Aligeukia kaunta, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na kelele za cherehani. "Baba! Mimi nikikushonea suruali, hela utampa jirani yangu?"

Meza za karibu zikaangua kicheko. Mjomba akaja akisugua mikono. "Mama yangu, huo ni utaratibu wa ofisi tu. Huyu binti leo hayuko sawa." Akanigeukia, meno bado nje. "Mwambie mgeni asante."

"Ya wema wake nimeshamwambia moyoni," nikasema. "Ya hela mwambie wewe, umepokea wewe."

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Tabasamu lake likakatika.

"Vua aproni," akasema chinichini. "Toka."

Nilivuta kamba za aproni, fundo la mgongoni likanishinda. Yule fundi akanifungulia, akaikunja aproni vizuri na kuiweka juu ya meza. Lakini sikwenda mlangoni. Nilichukua kadi ya meza ile, nikaichana katikati: namba nikaiacha mezani, picha nikaitia mfukoni. Nikahamia meza iliyofuata.

"Wewe! Hizo ni mali ya mgahawa!"

"Ndiyo maana nakuachia namba yako, Mjomba."

Sikukimbia. Nilipita meza zangu zote, nikiomba radhi kwa kila aliyekuwa akila. Kwenye meza ya mwisho mzee mmoja aliinua bakuli lake la supu ili niifikie kadi.

"Sasa binti, bili yetu ataleta nani?"

"Muulize Mjomba, baba," nikasema, nikachana.