Dobi Amesimamishwa

“Kidevu juu!” Kinyozi alisema, na watu wawili wakainua videvu: mteja aliyekuwa kitini, na mke wa Kinyozi mwenyewe, aliyesimama mlangoni akijifunza hotuba.

“Si wewe,” Kinyozi alimwambia mteja. “Wewe kaa ulivyo. Namwambia mgombea.”

Mgombea alikuwa dobi wa hospitali, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Dobi, hata mama mkwe wake. Dawa ya kung'arishia mashuka ilikuwa imeichujua mikono yake mpaka viwikoni, ukimwona kwa mbali ungedhani amevaa glavu za bibi harusi. Na nguvu je? Kuna siku alilikamua blanketi la wodi ya wanaume mpaka likatoa maji ya mwaka uliopita. Wauguzi walishuhudia, na asiyeamini akawaulize.

Siku hiyo chama kilikuwa kinakaa kuamua nani asimame udiwani. Kwa mara ya kwanza kata ilikuwa inapewa mwanamke, maana Shirika lilikipigia chama kelele hadi masikio yakaomba msamaha. Shirika hilo, kazi yake kuwainua wanawake katika uongozi, lilikuwa na ofisi ya vioo ghorofani juu ya benki. Mratibu wake, dada msomi mwenye sauti laini kama mafuta ya watoto, ndiye aliyemtoa Dobi kwenye mapipa ya mashuka. Msimu mzima alimfundisha: kidevu juu, mikono wazi, usiombe samahani kabla hujasema neno. Naye Mratibu akawa anauliza. Maji yanakatika wapi? Nani kanuniana na nani? Mtaa upi unamsikiliza nani? Dobi alimjibu yote, kwa furaha. Tangu azaliwe, watu walikuwa wamemuuliza jambo moja tu: mashuka yatakauka saa ngapi.

Simu ikalia. Kinyozi akaipokea, wembe ungali shavuni pa mteja. Aliyepiga alikuwa mlinzi wa lango la hospitali, na mlinzi yule hakuwa na simu ya kunong'ona; kila aliyekuwamo mle alisikia.

“Shemeji! Mkeo amesimamishwa!”

“Unasemaje?”

“Amesimamishwa! Nimeliona tangazo kwa macho yangu, wino haujakauka! Mwambie...”

Simu ikakatika. Hakuna aliyejiuliza mlinzi wa hospitali anatangazaje mambo ya chama. Yule bwana alikuwa akijua siri za chama kabla ya mwenyekiti, na siri za mwenyekiti kabla ya mkewe.

“Amesimamishwa!” Kinyozi akatoka mbio na wembe mkononi, na watu wakampisha njia kwa heshima na kwa woga. “Chama kimemsimamisha mke wangu!” Mteja akamfuata na ndevu za upande mmoja, povu likimdondoka, naye akipiga kelele ingawa hakuwa mpiga kura wa kata ile.

Dobi alibaki mlangoni. Akaitazama mikono yake myeupe, akaificha nyuma, halafu akaitoa tena.

Uani kwake alikuta watu tele. Mama mkwe, aliyekuwa ameshinda msimu wote akisema mwanamke wa kufua kamasi za watu ataongoza nini, alikuwa ametoa kiti chake cha mgongo, kile ambacho hata marehemu mumewe alikikalia kwa kuomba.

“Kaa, Mheshimiwa mkwe wangu. Mimi siku zote nilisema.”

“Ulisema nini, Mama?”

“Nilisema mengi. Kaa.”

Wanawake wakamnyanyua na kiti chake, wakaimba jina lake, wakamzungusha ua mpaka kuku wakahama. Walipomtua, wakataka neno. Na Dobi, ambaye kwenye mafunzo sauti ilikuwa ikimkauka mbele ya watu sita, akafungua mikono.

“Mimi nawafulia mliozaa na mliofiwa,” alisema. “Hakuna siri ya kata hii ambayo haijapita mikononi mwangu. Najua mama anayejifungua akakosa hata ndoo moja ya maji ya kumwosha mtoto. Najua kwa sababu shuka lake hunifikia kavu, halijaguswa na tone la maji. Nikiingia katika baraza lile, kabla sijakalia kiti, bomba litafika wodi ya wazazi. Lisipofika, njooni mnifue mimi!”

Ua ukalipuka. Hata mama mkwe alifuta chozi, au jasho, kwa umri ule vyote hupitia njia moja.

Ndipo gari la Shirika likasimama. Mratibu akashuka, koti jeupe pe, mpiga picha nyuma yake. Watu wakapiga vigelegele. Yeye akapita katikati yao hadi kwa Dobi, akamkumbatia.

“Pole, dada.”

“Pole ya nini? Si nimesimamishwa?”

“Ndiyo maana nasema pole.”

Dobi akacheka. Mratibu hakucheka.

“Kazi, dada yangu. Umesimamishwa kazi. Sisi tulimwomba mkuu wa hospitali akupe likizo ya kampeni, kwa nia njema kabisa. Kumbe kuna kanuni. Mfanyakazi akigusa siasa anakaa nje, bila mshahara, mpaka uchaguzi upite. Tutalifuatilia.”

Uani kila mtu alikuwa ametega sikio.

“Na chama?” Dobi aliuliza.

Mratibu akanyoosha ukosi wa koti. “Chama kilitaka mwanamke aliyesoma. Nilikataa, dada. Walipokuja mara ya kwanza nilikataa.”

“Na mara ya pili?”

“Mara ya pili niliwafikiria wanawake wote.”

Mama mkwe akapiga kofi moja la mikono. “Haya! Kumbe wote mmesimamishwa. Mmoja akakae barazani, mmoja akae nyumbani!”

Kicheko kilianzia kwa mwanamke aliyekuwa ameshika mguu wa mbele wa kiti, kikaruka hadi ukutani, kikarudi. Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Kinyozi, wembe ungali mkononi, alitazama viatu vyake, kisha akamtazama mgeni, kisha gari la mgeni, na uso wake ukaanza kukunjuka polepole.

“Mheshimiwa,” alisema, “karibu sana kwetu.”

“Dobi, hebu mpishe mgeni kiti,” mama mkwe akasema.

Dobi akapisha. Wimbo ukaanza upya, ule ule, jina tu likabadilishwa. Cheo cha mgeni kilikuwa kirefu, ikabidi wakibane ili kiingie kwenye mdundo. Mratibu akafungua mikono. “Hakuna siri ya kata hii,” alisema kwa sauti yake laini, “ambayo haijapita masikioni mwangu.” Akaitaja mitaa yote, na maji ya kila mtaa. Hakukosea hata mmoja.

Baadaye mpiga picha akamsogeza Dobi ukutani.

“Sema ulivyoumia,” Mratibu alimnong'oneza. “Ni kwa wafadhili. Ukiweza kulia, lia. Usipoweza, tazama chini tu.”

Dobi akajaribu. Kidevu hakikushuka.

“Chini, mama,” mpiga picha akasema. “Chini kidogo. Wewe unaonekana kama umeshinda.”

Wakaachana naye. Mratibu akachukua mtoto mchanga wa jirani, akamwinua juu ili picha ipate maana, na mtoto, ambaye alikuwa ametoka kunyonya sasa hivi, akamrudishia maziwa yote kifuani, mabonge kwa maji, kuanzia ukosi hadi kifungo cha mwisho.

“Mungu wangu! Kesho narudisha fomu ya kugombea nimevaa koti hili!” Akalivua, akalishika kwa vidole viwili, akatafuta kwa macho hadi akampata. “Dobi. Dada yangu. Hapa hakuna mwingine ila wewe.”

“Mpe, mpe,” mama mkwe akasema. “Ndiyo kazi yake. Na chai ya mgeni usiisahau, birika liko jikoni.”

Dobi alilipokea koti, akaingia nalo ndani, akalitandaza kwenye beseni. Kitambaa kilikuwa kizuri, cha pamba tupu. Maziwa ya mtoto yana tabia ya damu: maji baridi huyaondoa bila ugomvi, ya moto huyapika yakang'ang'ania uzi mpaka siku ya kiama, rangi ya usaha. Mtungi wa maji baridi ulikuwa upande wa kushoto. Upande wa kulia birika lilikuwa limeanza kutetemesha kifuniko. Nje walikuwa wanaimba. Akakunja mikono ya gauni, akachuchumaa kati ya hivyo viwili, akasubiri birika lichemke vizuri kwanza.