Kuanzia Ijumaa Hadi Ijumaa

"Sasa kama ndege yako haikupita Ijumaa, ile dawa ilitoka wapi, kwenye bomba la msikiti?" Mashavu aliuliza kutoka upande wake wa ua, mikono yote miwili ikiwa ndani ya beseni la tui.

Jirani yake Ukasha, rubani, alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mama yake hapo Kerenge, amevaa msuli, simu mkononi. Alijibu kwamba hakatai kupita. Anachokataa ni Ijumaa. Hamisa wa nyumba ya tatu, ambaye hakuna ugomvi uliowahi kumpita, alikuwa ameshaleta kigoda chake.

Jambo lenyewe kila mtu alilijua. Mwaka jana kampuni ya Ukasha ilipewa kazi ya kumwaga dawa ya kuua kweleakwelea, wale ndege wala nafaka, kwenye mashamba ya mpunga. Ilitakiwa itangaze kwanza. Haikutangaza. Mdoe, mume wa Mashavu, alikuwa bado shambani na kopo lake la kupigia makelele, na dawa ikamshukia. Alirudi anakohoa, na kabla ya alfajiri akafariki. Mashavu akapeleka malalamiko: mume wangu amemwagiwa dawa Ijumaa, baada ya magharibi. Kampuni ikajibu kwa adabu kwamba imechuja safari zote za marubani wake, kuanzia Ijumaa hadi Ijumaa, na hakuna ndege iliyoruka. Marehemu, iliongeza, lazima alikuwa na kifua.

"Basi chuja hapa hapa," alisema Mashavu. "Mbele ya Hamisa. Yeye akiona, mpaka Mombo wameona."

Hamisa hakukana.

Ukasha alifungua daftari la safari zake kwenye simu, akaweka Ijumaa ile kwenye kisanduku cha kuanzia, akaiweka tena kwenye cha hadi, akabonyeza. Mtaa ukakatika kama umeme. Migomba ilipoteza vivuli, redio ya Hamisa ilinyamaza katikati ya tangazo la sabuni, na upepo ukawa haupo. Walikaa hivyo, wametulia, kama abiria ambao basi lao limekwenda kutafutiwa spea. Simu iliandika kwamba hakuna safari iliyopatikana. Ukasha alipoziondoa tarehe, sabuni iliendelea kutangazwa pale ilipoishia.

"Umeikosea," alisema Mashavu. "Mimi nimesema usiku wa Ijumaa. Jua lilishazama, siku ilishaingia. Kesho yake mchana, Ijumaa hiyo hiyo, tukamzika."

Kwa Mashavu, na kwa mama yake Mashavu, siku huingia jua likizama. Kwenye simu siku huingia usiku wa manane, watu wamelala.

"Mama Ikram," Ukasha alimwambia Mashavu taratibu, "hiyo huku kwenye simu bado ni Alhamisi."

Akaweka Alhamisi hadi Alhamisi.

Mngurumo ulianzia upande wa Handeni. Salaash, ambaye huchunga Kwaluguru karibu na kiwanja cha vumbi ndege zinaporukia, alimpigia Ukasha simu kuuliza ni nani anayeruka. Ng'ombe alishawatoa kiwanjani, alisema, lakini siku nyingine aambiwe mapema. Hamisa alikwenda kuanua nguo zake. Mdoe akatokea nyuma ya nyumba na kopo lake, akauliza kama chai ipo.

Chai ilikuwepo. Mashavu alimwambia asiende shambani. Mdoe alisema kweleakwelea hawana likizo. Mashavu alimfichia ndala, Mdoe akaenda peku. Ndege ilipita chini chini, majani ya migomba yakalowa, Mdoe akarudi anakohoa. Kabla ya alfajiri upande wake wa kitanda ulikuwa mtupu.

Mashavu alikataza tarehe zisiguswe, hivyo kila jioni ikawa Alhamisi ile. Muadhini Iddy hakuwa na uhakika anaadhini ya leo au ya mwaka jana, akawa anaadhini zote mbili. Hamisa, ambaye hufunga Alhamisi, hakujua tena afuturu lini. Alifuturu kila alipokaribishwa.

Ukasha aliituma ofisini ile safari kama ilivyo, na shamba, na saa. Jibu lilikuja, akamsomea Mashavu kupitia juu ya ua. Ofisi ilimshukuru. Ilisema malalamiko ni ya Ijumaa, na Ijumaa imeshachunguzwa. Safari ya Alhamisi haina mlalamikaji, na muda wa kuilalamikia umepita.

Mashavu alimwomba asome tena. Akasoma tena.

"Kwa hiyo wanakubali ndege ilipita."

"Wanakubali."

"Na Mdoe alikuwa chini yake."

"Huyo wanasema ni wa Ijumaa."

Mashavu akapepea mkaa.

Siku hiyo alipika wali mapema, ili mtu asiende shambani na njaa. Mngurumo ulipoanza, Ukasha alisimama uani akatazama juu. Ndege ilikuwa inazunguka, inatafuta shamba. Kupitia kioo chake alijiona mwenyewe, amevaa vipokea sauti masikioni, anatazama mbele. Hakupungiwa mkono, naye hakupunga.

Mdoe alitoka peku, kopo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unatazama nini huko?"

Ukasha alionesha. Mdoe alikinga macho kwa kiganja, akamtazama yule wa juu, akamtazama huyu wa uani. Kisha akaliweka kopo karibu na mlango, mahali pa kulichukulia akimaliza kula, na kusogea kwenye jamvi.

"Yule mwache afanye kazi yake," alisema. "Wewe wa huku chini, nawa mikono. Karibu tule."