Baba wa Malaika

Usingizi unanikamata mchana kweupe, brashi mkononi, juu ya jukwaa la mbao kanisani kwetu, mbele ya malaika mlinzi niliyemmaliza mwili wote isipokuwa uso. Uso ninao kichwani, wa Oliva, binti yangu, anayechemka kwa homa nyumbani, maana nimeona hakuna sura nzuri kuliko ile. Nafumba macho, ukuta unafunguka, naingia. Ndani barabara inazaa barabara, nyumba zina vioo badala ya milango, na katika kila kioo napita mimi nikiwa na mabawa. Mbele yangu anatembea mtu asiye na uso. Namjua huyu! Bawa la kushoto fupi, nililikosea mwenyewe. Namuuliza, wewe, mlinzi wa Oliva yuko wapi? Anajibu, hayupo mbele wala nyuma, yupo panapobaki pengo. Namwambia, niondolee mafumbo yako, mtoto wangu anaumwa! Anazidi kutembea. Barabara inatutupa kwenye ua, wanawake wameketi chini, kanga vichwani, na mmoja ananiuliza, wewe ndiye baba wa malaika? Najibu kwa majivuno, ndiyo, mimi hasa. Wote wanaangua kilio. Pole baba, pole sana, Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Lahaula! Sijafiwa jamani, nimechora tu! Lakini nawaelewa, kwa sababu kwetu mtoto akifa tunasema amekuwa malaika, nami nataka kumweka wangu ukutani kwa mkono wangu mwenyewe, mjinga mimi.

Nageuka, naona ukuta wangu wa kanisani, na mkono wangu unachora bila mimi, jicho moja la Oliva tayari limefunguka. Naukamata kwa mkono wa pili, naung'ata, hausimami. Nampigia kelele asiye na uso, nifanye nini? Anasema, mkono hauachi mpaka upewe uso. Basi upe wangu, nasema, chukua huu wangu, na ndevu zake! Nalifuta jicho la binti yangu kwa kiganja, najichora haraka, pua, mdomo, ndevu.

Nafumbua macho. Mke wangu Editha anaingia kanisani mbio, anahema. Baba Oliva, homa imeshuka, mtoto anaomba uji! Naitika kwa furaha, nakuja mama! Lakini Editha haangalii jukwaa, halina mtu. Amemkazia macho malaika ukutani, mwenye ndevu zangu, anamwambia, mbona hujibu? Shuka basi, unanitisha.