Ufukwe Unaofagiwa Alfajiri

Kwenye boti iliyotoka Ilemela kwenda kisiwani, Odeta alikaa pamoja na wageni wa kutalii. Alivaa kofia pana aliyoazima kwa jirani ili afanane nao. Mwenye boti angejua kwamba anatafuta maiti, asingempandisha, na kisiwani hakuna ambaye angemjibu.

Mumewe, Elias, fundi wa injini za boti, alizama ziwani mwezi uliopita akirudi kutoka kazini. Wenzake walipatikana, yeye hakupatikana. Katika ukoo wake, aliyepotelea majini huzikiwa mgomba: shina hukatwa, huvishwa sanda, hushushwa kaburini, na habari yake huishia hapo. Mama mkwe wake, Tereza, alitaka wazike Jumamosi. Odeta aliomba subira hadi atakaporudi kutoka kisiwani.

"Nikikuta hata mfupa mmoja, mama, tutazika mfupa."

"Nenda, mwanangu. Ila matanga hayawezi kukaa wazi hivi."

Kisiwa kilikuwa kizuri. Mawe makubwa yalikuwa yamebebana, ndege aina ya mnandi wameanika mabawa juu yake, na mchanga ulikuwa mweupe bila hata jani moja.

"Huku ni kimya, wageni wetu," alisema Venant, mwanamume wa makamo aliyekuwa akiwatembeza. "Hakuna muziki, hakuna mlevi. Mimi mwenyewe sinywi mpaka muondoke."

"Basi leo utakufa na kiu!" alisema Sana, msichana wa mjini aliyekuja na mama yake. Wote wakacheka.

Odeta alibaki nyuma na Venant, kando ya matete.

"Kaka, mbona pasafi hivi? Upepo hauleti vitu?"

"Unaleta, dada! Magugu, makopo, viatu. Tunafagia alfajiri kabla hamjafika."

"Na mtu je?"

Venant alimtazama. "Umekuja kupumzika au kututia nuksi?"

"Nauliza tu. Naogopa kuogelea."

Hilo lilimtuliza. Akashusha sauti.

"Ogelea tu. Alikuja mmoja, mwezi uliopita. Sasa ukimtoa majini, ni wako. Umwite mwenyekiti, msubiri polisi, ufukwe ufungwe, na kumzika umzike wewe. Na boti ya wageni tunaiona ile inakuja. Tukamsukuma kwa upondo wa mtumbwi mpaka kwenye mkondo, nyuma ya lile jiwe. Tulimwombea, dada. Si kwamba hatukumwombea."

"Alikuwaje?"

"Uso haukutazamika. Ila kitu kimoja tunataniana nacho mpaka leo: mwanaume mzima, kavaa sweta la shule la mtoto wa kike! La maruni. Mikono imeishia hapa." Akagusa kiwiko chake.

Asubuhi ile Elias alipoondoka kulikuwa na baridi. Sweta lake lilikuwa halijakauka, akachukua la Winnie kambani. Binti yao alilia kwamba baba atalitanua. "Nitakurudishia jioni," Elias alimwambia.

Odeta alimtazama Venant usoni apate kumchukia, akakuta mtu mchovu, kucha zimejaa mchanga wa kufagia.

"Dada!" Sana aliita. "Tupige picha na mama, lile jiwe lionekane. Jamani, pazuri!"

Odeta alipokea simu ya Sana. Aliwaomba wasogee kushoto, akawaomba tena. Hawakumwelewa, na jiwe lilibaki katikati yao. Akapiga.

Boti ilipokaribia Ilemela, simu yake mwenyewe iliita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuta?"

Angeweza kumwambia kwamba Elias alifika mchangani akarudishwa. Tereza angelala na neno hilo siku zote zilizombakia.

"Sijakuta, mama. Kateni mgomba."



"Tukate wa namna gani?" Tereza aliuliza.

"Mrefu," alisema Odeta. "Na sanda mpime vizuri, isimwishie njiani."