Sagar wa Umm Salal

Lulu alikufa Ijumaa asubuhi, mdomoni bado ana povu la maziwa ya mbuzi niliyokuwa nikimtilia kwa bomba la sindano. Ndiaga alimfunika kwa kipande cha gunia, akachukua sepetu, akaenda naye nyuma ya mitende, mahali alipowazika wenzake, Barqi na Yakuti. Mimi nilibaki nimechutama bandani, viganja wazi. Ndani ya sanduku la tende, juu ya majani makavu, alikuwa amebaki mtoto mmoja tu wa mbwa, mdogo kuliko wote, rangi ya mchanga, macho hayajafumbuka. Alikuwa hajapewa jina.

"Huyu," Ndiaga alisema aliporudi, akipangusa udongo mikononi, "mtu asimwite chochote."

Nilidhani ni uchungu unaosema.

Ilikuwa Januari ya mwaka 2011, shambani kwa Bwana Mubarak, Umm Salal. Mjini Doha kulikuwa na mashindano ya mpira, na redio ya Ndiaga haikuwa na habari nyingine. Kwetu shambani hapakuwa na kelele ila za mbuzi na pampu ya maji. Mimi nilikuwa mpishi, nimetoka Korogwe, nina mwaka wa pili pale. Ndiaga alitoka Senegali, mji wa Thiès, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, kazi yake kutunza mifugo. Yeye hakujua Kiswahili, mimi sikujua Kiwolofu. Tulikutana katikati, kwenye Kiarabu cha shamba, lugha iliyotutosha kwa chumvi, majani, mvua na wafu.

Mama wa wale watoto aliitwa Ghazala. Alikuwa saluki, mbwa wa kuwinda mwenye miguu mirefu na masikio kama nywele za msichana aliyetoka kuoga. Waarabu humheshimu mbwa wa aina hiyo kama wanavyomheshimu farasi. Baada ya kuzaa, matiti yake yalivimba na kuwaka moto, maziwa yakaharibika, na watoto wakaanza kuhara. Daktari wa mifugo alikuja, akaacha dawa, akasema tujaribu maziwa ya mbuzi.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Tangu utoto nilifundishwa kwamba mate ya mbwa ni najisi, na kwamba chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni mwa banda, bakuli la maziwa mkononi, nimeshindwa kuvuka. Ndiaga alinitazama akatabasamu. Kwao, alisema, wanafuata Imamu Maliki, na mbwa kwao ni kiumbe kisafi kama kondoo. "Dada Rehema, Mungu ametupa maimamu wengi ili kila mtu apate kazi. Mimi nitamshika, wewe mmiminie." Tukafanya hivyo. Baada ya siku chache nilikuwa namshika mwenyewe, kisha naenda bombani na kiganja cha mchanga, naosha, narudi jikoni.

Ijumaa ile aliyokufa Lulu, wenye shamba walifika kutoka Muaither baada ya swala. Noora, binti wa Bwana Mubarak, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Yeye ndiye aliyewapa majina wale watoto watatu, siku ileile walipozaliwa, kabla yule wa nne hajatoka, na majina yenyewe yalikuwa ya vito na umeme. Alilia kidogo alipoambiwa habari za Lulu. Kisha akapiga magoti kwenye sanduku, abaya yake nyeusi ikaokota vumbi la majani.

"Huyu nitamwita Malika," alisema.

"Hapana," Ndiaga akasema.

Sikuwahi kumsikia mfanyakazi akimwambia hapana mtu wa nyumba ile. Noora aligeuka polepole. Ndiaga akainamisha kichwa, akaongeza kwa upole, "Niruhusu nimpe mimi jina, Bi Noora. La kwetu."

"Jina gani?"

"Sagar."

Noora alilionja ulimini mara mbili. Likampendeza. "Maana yake?"

Ndiaga alitazama pembeni. "Kitambaa."

"Hariri?"

"Kitambaa tu."

Noora akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, akasema haya, na awe Sagar.

Jioni Ndiaga alikuja jikoni kuchukua chakula chake. Nikamwuliza ni kitambaa gani hicho. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, sahani mapajani.

"Tambara," alisema. "Lile la kupangusia masizi. Kwetu, mwanamke akifiwa na watoto mfululizo, anayefuata hapewi jina zuri. Anaitwa Tambara, au Hatakiwi, au Hana Tumaini. Ili kifo kikipita na kusikia akiitwa, kiseme: hiki hata wenyewe hawakipendi, nikichukulie nini? Kipite."

Niligeuza mgongo nikakoroga mchuzi ambao haukuhitaji kukorogwa. Aliponiuliza kama nimechukizwa, nilisema moshi umeniingia machoni. Jiko lilikuwa la gesi. Ndiaga alikula, akaosha sahani yake, akaenda zake bandani.

Ukweli ni huu. Jina la Rehema nilipewa na mwalimu nikiwa darasa la nne, baada ya kumlilia baba muhula mzima. Kabla ya hapo niliitwa Mwanajaa. Walionitangulia kwa mama yangu hawakukaa. Walikuja wakarudi, wote watatu. Nilipozaliwa mimi, bibi mzaa baba alinitwaa nikiwa na damu ya uzazi masikioni, akanipeleka jaani nyuma ya nyumba, akanilaza juu ya maganda ya ndizi na majivu, akaondoka bila kugeuka. Jirani alikuwa amepangwa. Akapita, akapiga kelele kwamba ameokota mtoto, akanileta mlangoni akiuliza nani anakitaka kitu hiki. Bibi akanipokea kwa shingo upande, kama mtu anayepokea mzigo usio wake. Ndivyo nilivyoingia duniani, mtoto wa jaani, na ndivyo nilivyoitwa.

Shuleni wenzangu waliziba pua nikipita. Nilipopata jina jipya nililivaa kama sare, sikulivua tena. Pasipoti iliandikwa Rehema. Mume niliyeolewa naye, kisha tukaachana, alinijua kwa Rehema. Doha nzima hapakuwa na mtu aliyejua.

Sagar hakufa. Aliharisha, akapoa, akaharisha tena. Macho yalifumbuka. Siku moja alinyanyua kichwa mwenyewe akalivuta bomba la sindano kwa nguvu mpaka Ndiaga akacheka kwa sauti, na mimi nikagundua kwamba sijawahi kumsikia akicheka hivyo. Februari ilipokwisha Sagar alikuwa akimfuata Ndiaga mpaka kwenye zizi la mbuzi, akijikwaa kwa miguu yake mwenyewe, mirefu kupita akili zake.

Kisha Noora akaja siku isiyo ya mapumziko, peke yake na dereva. Nilimwona akipita kasi uani, uso umekaza. Chuoni alikuwa na mwenzake, Msenegali, binti wa mtu wa ubalozi. Alikuwa amemwonyesha picha ya mbwa wake na kumtajia jina.

"Alicheka mbele ya watu," Noora alimwambia Ndiaga. Nilisikia kila neno kutoka mlango wa jiko. "Nilikuuliza maana yake. Nilikuuliza! Na wewe ukaniacha niite mbwa wa baba yangu takataka, mbele ya wageni wake, mwezi mzima. Unatuonaje sisi?"

Ndiaga alisimama mikono nyuma. Alijaribu kueleza, lakini Kiarabu cha shamba hakikuwa na maneno hayo. Alisema kifo, alisema jina, alisema watoto. Ilitoka kama laana. Noora alirudi nyuma hatua.

"Baba ataamua," alisema. Sote tulijua maana yake. Mtu alikuwa akirudishwa kwao kwa kosa dogo kuliko hilo.

Sikupanga kutoka. Nilijikuta uani, mwiko mkononi, unga ukinidondoka.

"Bi Noora," nilisema. "Mimi siitwi Rehema."

Alinitazama kana kwamba nimeingilia mazungumzo ya watu wengine, na kweli nilikuwa nimeingilia. Nikamwambia. Kiarabu changu hakikuwa bora kuliko cha Ndiaga, lakini mimi sikuwa na haja ya kueleza kifo. Nilikuwa na haja ya kujieleza mimi tu. Nikasema bibi yangu, nikasema taka, nikaonyesha kwa mikono jinsi mtoto anavyolazwa chini. Nikasema ndugu zangu watatu walikuwa na majina mazuri, na nikayataja: Zuhura, Salama, Ramadhani. Nikasema mimi niliitwa takataka, na ni mimi niliyesimama hapa.

Pampu ya maji ilinguruma. Sagar alikuja akalala juu ya kiatu cha Noora.

"Na bibi yako," Noora aliuliza, "alikuwa mkali kwako?"

"Hapana. Alinilea mgongoni."

Noora aliinama akamshika yule mbwa masikio. Hakuomba radhi, wala hatukutarajia. Alisema tu kwamba hatamwambia baba yake, na kwamba yule binti wa ubalozi amelelewa Paris, labda hajui kila kitu. Gari liliondoka.

Ndiaga hakuniambia ahsante. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanieleza kile alichokuwa akikificha yeye.

Mkewe, Coumba, alikuwa mjamzito, mwezi wa mwisho. Walikwisha kuzika wawili. Alipomkatalia Noora jina la Malika, hakuwa akimwona mbwa. Alikuwa akiona chumba kimoja huko Thiès. Sasa familia ilikuwa imegawanyika. Kaka yake, mwalimu wa Kurani, alisema majina ya matambara ni ushirikina, mtoto akiwa wa kike aitwe Aïssatou kwa jina la mama yao. Mama mkwe alisema akiitwa Aïssatou atakuwa wa tatu kuzikwa, na kwamba yeye hatalia tena, aitwe Sagar. Wote walikuwa wakimsubiri yeye, baba mtu, aseme neno.

"Wewe umelibeba jina kama hilo," alisema. "Mimi nimelisikia tu. Niambie lilikufanya nini."

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi.

"Sitakudanganya, kaka Ndiaga. Shuleni liliniumiza. Nililichukia mpaka nikaomba nivuliwe. Miaka mingi niliamini kwamba kweli nilitupwa, kwamba huko kuokotwa ndiko kulikokuwa mchezo, na kutupwa ndiko kulikokuwa kweli."

"Na sasa?"

"Sasa nimekuona na huyu mbwa." Nilitafuta maneno. "Ulimwita tambara huku unaamka alfajiri kumpasha maziwa. Bibi yangu alikuwa akifanya hivyo hivyo. Lakini hakunieleza, na amekufa bila kunieleza. Mwite unavyotaka, shehe wenu akubali asikubali. Ila akipata akili, mwambie kwa nini. Usimwache aje kulijua mwenyewe, akiwa mtu mzima, jikoni kwa watu."

Mtoto alizaliwa Machi, wa kike. Wiki moja baadaye, saa ya kifungua kinywa kule kwao, Ndiaga aliweka simu juu ya pipa la maji, sauti wazi, ili nami nisikie. Kulikuwa na vishindo vya watu, mbuzi akilia, kisha kimya wakati kaka yake akinong'ona sikioni mwa mtoto. Alitangaza: Aïssatou. Wanawake wakapiga vigelegele. Simu ikapita mikono mingi hadi ikamfikia Coumba. Ndiaga alimwambia kitu kirefu kwa Kiwolofu, kwa ile sauti yake ya chini, na katikati yake nikasikia neno moja nililolijua. Coumba alijibu kwa neno lilelile. Alilitamka kana kwamba analipuliza ili lipoe.

"Aïssatou ni wa watu," Ndiaga aliniambia alipokata simu. "Hilo jingine ni la ndani ya nyumba. Na mama yake ameapa kumweleza."

Mtoto aliishi. Alitambaa, akatembea, akaota meno yote kwa wakati mmoja na kuinyima nyumba nzima usingizi. Habari zote hizi zilitufikia Umm Salal kwa simu. Mwaka 2014 Ndiaga alikwenda kumwona na hakurudi tena. Alipata kazi ya ng'ombe karibu na kwao. Kabla ya kuondoka alinifundisha maneno machache ya Kiwolofu, njoo, kaa, polepole, kwa sababu Sagar hakusikia lugha nyingine.

Mahali pake akaja Msudani mmoja, Idris, mtu mnene mcheshi aliyezoea ngamia na kuwaogopa mbwa. Wiki yake ya kwanza alimtazama Sagar akizunguka uzio, mwembamba, mwepesi, kivuli chake kikikimbia nyuma yake. Bwana Mubarak alikwisha kukataa kumtoa kwa jamaa zake wawili. Idris akataka kujua jina lake lina maana gani.

Nikamwambia. Nikamweleza na desturi yenyewe, yote, maana Kiarabu changu kilikuwa kimekomaa.

Idris aliendelea kumwaga pumba kwenye hori. Alipomaliza alikung'uta mikono.

"Basi mtoto anayeitwa hivyo," alisema, "huwa wanamtaka sana."

"Sana," nikamjibu.

Jua lilikuwa limeanza kuchoma. Tukaingiza mbuzi kivulini.