Chai ya Yunia

"Nilikuona kwa macho yangu, Baba Kipkurui! Ukimwaga chai yangu kwa ua kama maji ya kuoshea sufuria!"

Yunia alikuwa amesimama mlangoni pake, mikono kiunoni, sauti inafika barabara ya Sosiot. Wachumaji wa shamba la pili wakaacha majani chai. Nani angechuma na uhondo uko pale?

"Si hivyo, mama," Bethwel akasema.

"Ni vipi basi? Sisi Wakisii mnasema tunatilia watu vitu kwa kikombe. Sema tu! Na usikanyage hapa tena."

Hilo lilimchoma. Marafiki wengine alikuwa amewakwepa mwenyewe. Amebaki na Masese, mume wa Yunia, peke yake.

"Ni dawa," akasema. "Ya thairoidi, hapa shingoni. Nikishameza asubuhi, chai inaiharibia nguvu. Nikaona aibu kukataa."

"Uongo! Juzi kwa maombi ulitoka mbio, jasho tiriri. Na hilo koti hulivui hata jua likiwaka. Hiyo pia ni shingo?"

Tecla, mke wa Bethwel, aliyesimama kando yake, akafungua mdomo. Bethwel akamkata jicho. Alikuwa amemwapisha asiseme, hata kwa mchungaji. Yeye Bethwel ndiye mzee anayeitwa kila Desemba kufunza vijana wa jando uanaume. Angewaambia nini sasa?

Lakini Masese alikuwa ametoka, anamtazama kama mtu anayemuaga.

Bethwel akafungua vifungo vya koti, kimoja, cha pili. Shati lilikuwa limembana kifuani, kifua kimefura kama cha msichana.

"Ya shingo ni kweli. Lakini hii ni saratani ya tezi dume," akasema, macho chini. "Imeingia mifupani. Sindano wanayonidunga ya kuizuia ndiyo inaleta huu moto. Na hiki kifua."

Kwenye majani chai mtu akacheka puani. Masikio ya Bethwel yakawaka, akavuta koti kufunika kifua.

"Nyinyi huko!" Masese akanguruma. "Majani yatajichuma?"

Yunia alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Maneno yote aliyoyamwaga barabarani, angeyazoa vipi?

"Na mimi nilivyokutukana mbele ya watu," akasema polepole. "Mbona hukutuambia, baba?"

"Ningeanzia wapi?"

Yunia akasukuma mlango wa jikoni, harufu ya mboga za chinsaga ikatoka.

"Mama Kipkurui, mlete huyu mzee. Ugali umeiva. Ingieni mkule."